Kizuri Chajiuza? Si kwa Gari la Dola 150,000

Mwaka 1990 Honda ya Japani iliingiza sokoni gari la spoti lililowashtua Waitaliano. NSX ilikuwa na bodi ya aluminiamu, injini nyuma ya kiti cha dereva, na uwezo wa kushindana na Ferrari 348 bila aibu. Ayrton Senna, bingwa wa Formula One, alishiriki kulijaribu likiwa bado linaundwa. Marekani liliuzwa kwa takriban dola 60,000, chini kwa mbali ya bei ya Ferrari hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa magari ya aina hii, methali hiyo haimalizi habari. Mwenye kutoa fedha kiasi hicho hatafuti usafiri wa kwenda kazini. Anatafuta raha, na raha hiyo huanza, au hufa, mbele ya meza ya muuzaji.

Marekani NSX ilipelekwa kwa mawakala wa Acura, nembo ambayo Honda iliianzisha huko mwaka 1986. Ukumbi uleule uliuza Integra, gari dogo la mtu anayeanza maisha. Mwanzoni, magari yakiwa haba, baadhi ya mawakala waliweka cha juu cha maelfu ya dola. Baadaye yeni ilipanda thamani, bei ikapanda nayo, na hamu ya wanunuzi ikapoa. Uzalishaji ulipokoma mwaka 2005, dunia nzima ilikuwa imepata NSX takriban 18,000 tu.

Toleo la pili, lililoundwa Ohio, lilianza kuuzwa 2016 kwa bei ya kuanzia dola 156,000. Lilikuwa na mota tatu za umeme zinazosaidiana na injini ya petroli. Hadi linaondolewa mwaka 2022, NSX hizo zilizoundwa hazikufika 3,000. Wapo walioona ni zito, wapo waliosema halina msisimko. Lakini mahali lilipouzwa pia pana lawama. Mteja aliyezoea Porsche hutarajia muuzaji anayelijua gari hadi ndani ya injini, fundi aliyelizoea, na bei nzuri ya gari la zamani analolirudisha. Muuzaji ambaye ugali wake unatokana na MDX, magari ya Acura ya kubebea familia, na anayeuza NSX kwa nadra, atayatoa wapi hayo yote?

Kisha kuna hilo suala la cha juu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1958 inataka kila gari jipya libandikwe karatasi yenye bei ya mtengenezaji, lakini bei hiyo ni pendekezo tu. Wakala ni mfanyabiashara huru, analindwa na sheria za majimbo, na kiwanda hakiwezi kumpangia bei ya mwisho. Gari likiadimika, anaongeza anavyotaka. Faida inabaki kwake, ila hasira ya mteja huiangukia nembo iliyo kwenye usukani.

Ford ilijaribu kukwepa mtego huo kwa gari lake la GT. Mwaka 2016 wateja waliandika maombi moja kwa moja kwa kampuni; zaidi ya 6,500 waligombea magari 500 ya kwanza. Waliochaguliwa walitia saini kutoliuza kwa miaka miwili, ili walanguzi wakose nafasi. Mwanamieleka John Cena alipoliuza mapema, Ford ilimshtaki, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2018.

Ferrari nayo ina utaratibu wake: matoleo ya nadra huwafikia kwanza wateja wenye historia ya kununua mengine. Mtu anaweza kuwa na fedha mkononi na bado akaambiwa asubiri. Mahali pengine hiyo ingekuwa dharau. Kwa Ferrari ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilikabidhi magari 13,663 tu, kwa makusudi, na foleni haikupungua.

Hapo ndipo wanaoiga Ferrari hukosea. Wakala wa nembo isiyo na foleni anapojivuna au kuweka cha juu, anamfukuza mteja mwenye pa kwenda. Ferrari inaweza kumnyima mtu gari leo na mwakani akarudi kuomba tena. Honda haikuwa na nguvu hiyo: ilihitaji kila aliyeingia ukumbini kuitazama NSX atoke na ufunguo.