Mechi tatu, nyumba nne

Jumamosi ile tuliamka na ratiba ambayo hata mwalimu wa zamu asingeikubali. Binti yetu alikuwa na netiboli saa mbili asubuhi. Kaka yake alikuwa na mechi ya ligi ya mtaa saa kumi jioni. Baba yao alikuwa na maveterani wenzake Jumapili asubuhi. Katikati ya hayo yote tulikuwa na nyumba ya kutafuta. Si ya kununua, ndugu msomaji, ni vyumba viwili na sebule vya kupanga, mradi pawe pakavu.

Hilo la pakavu wasomaji wa Ujiji na Kibirizi watalielewa bila kuelezwa. Ilikuwa mwishoni mwa Julai 2024. Mwezi wa nne Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda likaingia Kibirizi, likaingia Katonga, na huku kwetu likatufuata nyumbani karibu na bandari ya Ujiji. Kwanza lilikuja uani, tukacheka. Wiki iliyofuata likafika kizingitini, tukaweka viroba vya mchanga. Asubuhi moja mwanangu wa mwisho alishuka kitandani akakanyaga maji, na siku hiyo hiyo tukahamia kwa mama mkwe.

Kodi tulikuwa tumelipa miezi sita mwezi wa pili. Miezi minne ikaenda na maji. Mwenye nyumba ni mama mjane, na chumba chake mwenyewe kilikuwa kimejaa maji kama chetu. Ukimdai unamdai nini? Tuliagana naye kwa salama.

Kwa mama mkwe tulipokewa vizuri, lakini watu saba katika vyumba viwili kwa miezi mitatu si mchezo. Watoto walilala sebuleni, wakawa wanasubiri wageni waondoke ndipo watandike. Na mwaka ule pesa ilikuwa ngumu zaidi, maana uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Baba watoto ananunua dagaa mwaloni na kuwauza kwa wafanyabiashara wa bara. Ziwa likifungwa, na yeye anafungwa. Tulikuwa na akiba ya shilingi 430,000, na ilikuwa haina ndugu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Gungu. Tulipelekwa na dalali mara tu netiboli ilipokwisha (timu ya binti ilishinda, naye alikuja na jezi yake mwilini ili kila mtu ajue). Nyumba nzuri, lipu safi, maji uani, Luku yake peke yake. Gungu iko juu, ziwa haliwezi kuifikia hata likiota mbawa. Shilingi 100,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Baba watoto aliipenda mno. Mimi nilipiga hesabu ya laki saba kisha nikapiga hesabu ya nauli za watoto watatu kwenda shule Ujiji kila siku, nikanyamaza. Kijana alinyamaza pia, ila yake ilikuwa ya namna nyingine. Alijua kwamba tukihamia Gungu, timu yake ndiyo basi.

Nyumba ya pili, Mwanga, naipita haraka. Choo cha pamoja kwa kaya sita, na mlango wa chumba ulikuwa unatazamana na baa.

Ya tatu ndiyo iliyotaka kutumaliza. Ilikuwa Ujiji yenyewe, upande wa chini, bati jekundu, mwembe mkubwa mbele, upepo wa ziwa unaingia dirisha hadi dirisha. Shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita laki tatu na sitini, ongeza sitini za dalali, jumla 420,000. Ingebaki elfu kumi ya kununulia unga. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, bado unanukia. Dalali akasema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na fedha taslimu. Mume wangu akanitazama. Nami, nakiri, mkono ulikuwa tayari kwenye mkoba.

Kilichotuokoa ni mechi. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na njumu zake shingoni, saa tisa na nusu imeshapita, anakaribia kulia. Tukamwambia dalali tutarudi jioni. Akakasirika, akatuonya kwamba tutaikosa. Tukaenda.

Uwanja wanaochezea sasa uko juu kidogo, karibu na barabara. Wa zamani ulikuwa chini karibu na maji, na tangu masika ulikuwa bado tope na majani ya ziwa. Huku mchangani zawadi ni mbuzi, lakini usidhani ni utani. Huu ni mji unaojua mpira. Sunday Manara, aliyekwenda kuchezea Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, ni mtoto wa Kigoma. Kipa Juma Kaseja naye ni wa Kigoma. Na tangu Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, kila mvulana wa hapa anaamini Uwanja wa Lake Tanganyika unamsubiri yeye.

Wakati wa mapumziko, wanetu wako nyuma bao moja, niliwapelekea maji. Nahodha wao, kijana wa miaka kumi na minne hivi, alinipa shikamoo akauliza tumepata nyumba? Nikamweleza: ile ya bati jekundu, yenye mwembe.

Akatazamana na wenzake. “Mama, pale?” akasema. “Mwezi wa nne tulikuwa tunapita na mtumbwi pale tukifuata mpira. Maji yalikuwa hapa.” Akajishika juu ya goti.

Basi ndiyo rangi mpya.

Hakuna dalali anayezijua nyumba za mtaa kama watoto wa timu. Wao ndio wanaoruka kuta kuokota mpira. Wanajua nani ana mbwa, choo cha nani kimetitia, na maji yalifika wapi. Nilirudi kando ya uwanja nikaanza kuwauliza na wazazi wenzangu, jambo ambalo ningelifanya tangu mwezi wa tano kama si aibu ya kuonekana sina pa kulala. Kwa dakika thelathini za kipindi cha pili nilipata habari nyingi kuliko niliyopewa na madalali kwa wiki sita.

Mzee mmoja aliyekalia kigoda alisema yeye aliyaona maji haya akiwa kijana, mwaka 1964. Kumbukumbu yake ni sahihi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 ziwa lilipanda mwaka hadi mwaka, likafika kilele chake 1964, na lilichukua miaka mingi kurudi. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Zamani mto huo uliziba kwa mchanga na majani, maji yakajaa ziwani mpaka yalipoufumua karibu na mwaka 1878, na kwa muda usiofika miaka 20 ziwa likashuka karibu mita 10. Ndiyo maana mnara wa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 leo uko mbali na maji, ingawa wakati ule ziwa lilikuwa karibu nao. Kwa hiyo mtu akikuambia “maji hayajawahi kufika hapa”, muulize ameanza kuhesabu lini.

Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu. Ujiji ni mkongwe kuliko sheria hiyo, na nyumba nyingi zilikuwepo kabla yake, hivyo simlaumu mwenye nyumba aliyerithi kiwanja kwa babu yake. Lakini mpangaji hakurithi kitu. Yeye ana hiari ya kuhesabu hatua zake kabla hajatoa pesa.

Jioni ile, baada ya kufungwa mawili kwa moja, tulirudi kwenye bati jekundu, safari hii kutazama na si kuvutiwa. Nyuma ya mlango wa jikoni, ambako rangi haikufika, mstari wa maji ulikuwepo, juu ya goti kama alivyosema nahodha. Fremu ya mlango ilikuwa imevimba chini. Choo cha shimo kilikuwa na maji karibu na juu, na mzazi aliyewahi kuuguza kipindupindu hahitaji kuambiwa maana yake. Dalali alisema ni mvua iliingia mlangoni. Tukamshukuru. Yule mtu wa saa kumi mwenye fedha taslimu hakuonekana.

Usiku hatukuelewana. Mume wangu alisema basi ni Gungu, akope kwa wenzake, atalipa ziwa likifunguliwa. Nikamwambia deni la samaki ambao bado wako majini silitaki. Akasema mimi namdekeza kijana na mpira wake. Huenda kuna ukweli. Lakini mtoto huyu alikuwa ameshapoteza kitanda, chumba na uwanja katika mwaka mmoja, na timu ndiyo pekee iliyokuwa haijahama.

Nyumba ya nne ilitoka kwa mama mmoja wa netiboli. Mjomba wake alikuwa amejenga juu ya barabara, tofali za kuchoma, lakini fedha ikamwishia njiani. Jumapili, baada ya maveterani (baba watoto alicheza dakika ishirini, akatoka anachechemea, akasema ni uwanja), tukaenda kuiona. Vyumba vitatu. Dari hakuna. Madirisha yana nondo bila vioo. Umeme bado, maji ni ya bomba la jirani kwa ndoo. Binti yangu aliuliza popo wataingia wapi, mjomba akamwonyesha.

Shilingi 50,000 kwa mwezi, alisema. Mume wangu ndiye aliyeanza mazungumzo, na hapo nikajua Gungu imekwisha. Tulikubaliana kulipa miezi mitatu mitatu. Katika 150,000 za mwanzo, 60,000 tununue wenyewe mbao na vioo vya madirisha ya vyumba vya watoto, tutunze risiti, zikatwe kwenye kodi. Tuliandika yote hayo kwenye karatasi mbili za daftari, nakala moja yake na moja yetu. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mama wa netiboli akawa shahidi. Akiba ikabaki 280,000, na ziwa lilikuwa limebakiza wiki mbili na siku kidogo kufunguliwa.

Wakati wakubwa wanatia saini, kijana alizunguka nyuma ya nyumba. Kuna ukuta mrefu usio na dirisha hata moja, na mbele yake uwanja wa udongo mgumu. Alirudi akauliza, kwa adabu zote, kama ule ukuta unaruhusiwa kupigwa mpira.

Mjomba aliyatazama madirisha yake matupu. “Piga sasa,” akasema, “kabla mama yako hajanunua vioo.”