Duka ni la familia, laini ni ya nani?

Katika masoko ya makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro nchini Uganda, duka dogo mara nyingi ni kazi ya nyumba nzima. Mama anapima unga na mafuta, baba anafuata mzigo Mbarara, mtoto akitoka shule anashika zamu ya jioni. Fedha zilipokaa kwenye kopo chini ya meza, kila mmoja alijua zilipo. Sasa sehemu ya mauzo inaingia kwenye simu, na laini ina jina la mtu mmoja tu.

Wafanyabiashara wengi huuliza kwanza kuhusu kuuza kwa WhatsApp na kutuma picha za vitenge. Hayo yanasaidia. Lakini kabla ya hayo, jiulize: laini inayopokea pesa za duka imeandikishwa kwa jina la nani? Kwa kampuni ya simu, mwenye jina ndiye mwenye pesa, hata kama hajawahi kuuza kibiriti kimoja.

Wakimbizi wengi wanatumia laini za watu wengine, na kuna sababu. Zamani mkimbizi asiye na kitambulisho alipata shida kusajili laini, hivyo aliomba jirani mwenyeji au ndugu amsajilie. Mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu pia barua ya utambulisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Hata hivyo, kuna waliobaki na laini zile zile.

Shida huonekana siku simu inapoibwa. Ili namba irudi, aliyesajiliwa lazima ajitokeze mwenyewe na hati zake. Je, kama amehamia Kampala? Kama familia yake imepewa makazi mapya Canada, au mmegombana? Mtaji wa duka unabaki kwenye namba msiyoweza kuifungua. Na kwa wenyeji: laini uliyomsajilia jirani kwa wema ikitumika katika utapeli, jina litakaloonekana ni lako.

Ushauri wetu ni kwamba laini ya duka isajiliwe kwa jina la anayelisimamia kila siku, na mara nyingi huyo ni mama. Baadhi ya wanaume hawapendi kusikia hivyo. Lakini historia ya miamala ndiyo baadhi ya wakopeshaji huitazama kabla ya kutoa mkopo, na historia hiyo humfuata mwenye jina. Laini hiyo iwe tofauti na ile ya nyumbani, la sivyo ada ya shule na hela ya sukari zitachanganyika, na mwisho wa mwezi hakuna atakayejua kama duka limepata faida.

Na mtoto wa zamu ya jioni, apewe namba ya siri? Hapana. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Matapeli wanajua hivyo, ndiyo maana huonyesha ujumbe wa uongo wa malipo wakati mama hayupo. Andikeni salio la mwisho kwenye daftari. Ujumbe wa kweli huja kwenye simu ya duka, si ya mteja, na huonyesha salio jipya: mtoto achukue salio la daftari, aongeze kiasi kilicholipwa, kisha alinganishe. Hesabu isipokubali, bidhaa zisitoke. Kwa mauzo makubwa, asubiri mwenye namba ya siri. Mtu akipiga simu akidai ametuma pesa kwa makosa, msimrudishie chochote kabla ya kuangalia salio lenyewe.

Jambo moja dogo linalokula faida: Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kila unapotoa pesa kwenye simu. Ukitoa shilingi 200,000, kodi ni 1,000, mbali na ada ya kampuni. Kutuma hakutozwi kodi hiyo, ingawa ada ya kutuma ipo. Kwa hiyo ulizia bei zote mbili, na kama muuzaji wa jumla wa Mbarara anapokea kwa simu, huenda ikawa nafuu kumlipa moja kwa moja. Baba naye atasafiri bila kubeba noti mfukoni.

Kusajili laini mpya, nenda mwenyewe kwenye duka la kampuni ya simu au kwa wakala anayetambuliwa, ukiwa na kitambulisho cha mkimbizi au ile barua. Hamisha pesa kutoka laini ya zamani wakati mwenye jina bado yupo karibu, kisha wape wateja namba mpya.