Nafasi ya Mungu na ya Jamaa: Habari za Nyaatha wa Gikondi

Kuanzia Oktoba mpaka Desemba mkulima wa kahawa wa Nyeri hana raha. Buni mbivu zilizochumwa asubuhi hazina budi kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo huharibika. Karani wa Karatina au Nanyuki naye anayo mafaili yake mchana kutwa, na jioni simu ya mkononi humwita kwa habari za siasa na za mpira. Ukimwuliza mmojawapo habari ya sala ya jioni, au ni lini alipoketi na mama yake mzee bila kutazama saa, atajibu kwamba nafasi haipatikani. Udhuru huu si wa uongo wote, kwani kahawa kweli haingoji. Simu yangoja, na mazungumzo ya hotelini yangoja.

Katika Nyeri hiyo hiyo, huko Gikondi, karibu na Mukurweini, aliishi mtu mmoja ambaye shughuli zake zilipita za mkulima na karani zikiwekwa pamoja. Jina lake Sista Irene Stefani, Mwitalia, aliyezaliwa Anfo mwaka 1891, akaingia katika shirika la Masista Wamisionari wa Consolata mwaka 1911. Alifika Kenya mwaka 1915, naye hajatimiza miaka 24. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuanza, na muda si mrefu akapelekwa kuuguza wapagazi wa Kiafrika waliochukua mizigo ya majeshi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki mpaka leo katika mtaa wa Kariakoo. Aliwahudumia Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Mwaka 1920 akapewa kazi Gikondi, akakaa huko miaka kumi. Alifundisha shuleni, alifundisha dini, alitibu wagonjwa, tena alipanda na kushuka vilima kwa miguu kuzuru nyumba za watu. Anayezijua njia za Mukurweini wakati wa mvua, jinsi udongo ule mwekundu unavyoshika kiatu, hahitaji kuelezwa zaidi. Rozari alikuwa akiisali njiani, mwendo wake ukawa ndio sala yake. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma, na jina hilo likafunika lile alilotoka nalo kwao.

Lakini katika kazi zake zote, iliyo na maana kubwa kwa msomaji wa leo ni ile ya barua. Zama zile vijana walikuwa wakiondoka makwao kwenda kutafuta mshahara katika miji na katika mashamba ya Wazungu. Reli nayo ilifika Nanyuki mwaka 1930. Nyumbani walibaki wazazi wasiojua kusoma wala kuandika. Nyaatha akawa mwandishi wao. Kuandika barua ya mtu mwingine si kazi ya dakika mbili. Mwenye barua huanza na habari za mbuzi, akaja kwenye habari za ugonjwa, akanyamaza. Na neno alilolijia hasa hulisema mwisho, akiwa amekwisha kusimama aende zake. Mwandishi mwenye haraka hawezi kulipata neno hilo.

Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, zikamfikia mama wa Othaya kabla chai yake haijapoa. Ni jambo jema, wala hapana wa kulibeza. Ila mama yule huzipokea peke yake, na lile neno la mwisho hana wa kumwambia.

Wengine hukosea kwa njia iliyo ngumu zaidi kuonekana. Hudhani kwamba saa waliyopewa jamaa imeibwa kwa Mungu. Yuko mzee wa kanisa ambaye hahudhurii mkutano mmoja ila ahudhurie na wa pili, naye mkewe hula chakula cha jioni pamoja na watoto tu juma zima. Husifiwa kwa bidii yake, na nyumbani hapana amsifuye. Nyaatha, ambaye alikuwa ameweka nadhiri za utawa na alikuwa na haki kuliko wengi ya kufunga mlango wake asali, hakuigawa siku yake hivyo. Mama aliyekuja kuandikiwa barua hakuhesabiwa kuwa mwenye kukatiza sala.

Mwezi Oktoba mwaka 1930 tauni iliingia katika sehemu zile. Nyaatha alikwenda kumwuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na ugonjwa huo, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39.

Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa kuwa Mwenye Heri katika ibada iliyofanyika Nyeri, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ikiongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, mji ule ule alikowahi kuuguza wapagazi. Mabaki yake sasa yamo katika Kanisa Kuu la Consolata, mjini Nyeri.