Ulezi katika lupango

Katika kamusi «ulezi» ni maneno mawili: kazi ya kulea mtoto, na nafaka ndogo yenye masuke kama vidole vya mkono. Hapa Lubumbashi wenzangu darasani wanalijua la kwanza tu. Bukari yetu ni ya mahindi, mmea uliotoka Amerika (na jina lake linasingizia India!), wakati ulezi ni wa Afrika, umelimwa katika nyanda za juu za mashariki kwa maelfu ya miaka.

Ninaupanda nyumbani, katika lupango. Kambo alinipa kopo moja la mbegu, anazoziita male kwa Kibemba, na kwetu hakuna kopo lingine. Kwa hiyo kila mwaka ninapanda nusu tu.

Mvua ikishashika, mwezi wa 12, ninachora mistari na kufukia mbegu kwa sentimita 1 au 2. Mistari ni lazima: miche ya ulezi inafanana mno na majani pori ya ukoo wake, na ukitawanya mbegu ovyo, mpaliliaji atang'oa chakula na kuacha magugu. Kinachoota nje ya mstari, ng'oa.

Masuke hayakomai pamoja. Yanayogeuka kahawia ninayakata kwa kisu, kidogo kidogo, kisha ninayaanika. Yakikauka vizuri, wadudu huyasumbua kidogo sana, na nafaka hukaa miaka.

Anayetaka mbegu aje na jina la ulezi katika lugha ya kwao. Ndiyo bei yangu.