Mwongozo Uliochakaa Humpotosha Anayejifunza

Kamusi isiyodurusiwa huwa kumbukumbu ya lugha ilivyokuwa zamani. Hali ni hiyo hiyo kwa miongozo wanayoandikiwa waundaji wa programu za simu.

Tuchukue mfano wa Flutter, kiunzi cha kampuni ya Google cha kuundia programu hizo. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Wakati huo kitufe cha kawaida kiliitwa RaisedButton. Baadaye jina hilo likatupwa, nafasi yake ikatwaliwa na ElevatedButton. Mnamo Mei 2023, Dart, lugha inayotumiwa na kiunzi hicho, ilifikia toleo la 3, nayo ikakoma kuzipokea programu zisizofuata kanuni mpya za kudhibiti thamani tupu.

Je, anayeumia ni nani? Mhandisi mkongwe huutambua mara moja mfano uliopitwa na wakati. Lakini mwanafunzi wa Eldoret au Mombasa huunakili neno kwa neno, programu ikagoma, naye akadhani kwamba kosa ni lake. Wengine hukata tamaa papo hapo.

Yafaa basi anayebadilisha jina la amri aurekebishe mwongozo siku iyo hiyo. Kila ukurasa utaje toleo unalolihusu, na mifano yote ijaribiwe upya kila toleo jipya litokapo. La sivyo, vijana wetu wataendelea kufunzwa lugha ambayo mashine yenyewe imekwisha kuisahau.