Boma Baada ya Mavuno: Msimsahau Mbwa

Ndugu wanavikundi, mahindi ya mvua ndefu yakishavunwa, hapa kwetu Oyugis kazi ya boma ni nyingi: kuondoa mabua, kufyeka nyasi, kufagia majani. Msiyachome. Yarundikeni shimoni pamoja na samadi, mmwagie maji, yawe mbolea. Lakini mifupa na makombo vifukieni mbali, kwa sababu huvuta mbwa wanaorandaranda, nao hupigana na mbwa wetu. Hapo ndipo kichaa cha mbwa huingia nyumbani.

Tunasema wazi: dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa mtu, ni kifo. Ila unazuilika. Mbwa achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka, paka vilevile. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuumaliza kufikia 2030, na hiyo inataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Sasa, daktari wa mifugo akija na mbwa wako yuko vichakani, atachanja nani? Kikundi kiandike mbwa wa kila boma mapema. Mara nyingi anayeweza kumshika ni mtoto, basi mtu mzima amsindikize, na kamba iwe tayari.

Mtu akiumwa na mbwa, hata akikwaruzwa tu, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Si mafuta ya taa, wala jiwe la nyoka! Halafu hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote zimalizwe, hata kama kidonda kimeshakauka.