Mashine Imekufa, Muziki Usife

Wahenga wetu walinena, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Askari aliyefunzwa vema anaijua maana ya maneno hayo, kwani silaha aliyoizoea na kuitunza huiamini kuliko ngeni asiyoijua. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa jeshi na polisi, hasa ndugu zetu wa bendi, jinsi wanamuziki wa Ulaya wanavyolifuata funzo hilo katika matumizi ya kompyuta.

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana kutumia lugha moja iitwayo MIDI. Lugha hiyo haichukui sauti, bali huchukua amri: piga noti hii, kwa nguvu kadha, sasa iache. Ni mfano wa fimbo ya kiongozi wa bendi, ambayo haitoi mlio wowote, lakini tarumbeta zote huitii.

Mwaka 1985 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo ST, iliyotoka kiwandani ikiwa na matundu ya MIDI. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 512 tu, lakini iliweza kuitumikia programu moja bila ya kuvutwa huku na huku, na amri za muziki zikatoka kwa wakati wake barabara. Mjini Hamburg, Ujerumani, kampuni ya C-Lab iliitungia programu iitwayo Notator, nayo Steinberg ikatoa Cubase mwaka 1989. Watunzi wengi wakaweka kazi zao humo.

Katika miaka ya 1990 utengenezaji wa ST ulikoma. Mashine zikachakaa, na diski zake za sumaku zinazidi kupoteza maandishi kila mwaka upitao. Je, nyimbo zilizomo zizikwe pamoja na mashine?

Jibu limepatikana katika emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ile ya zamani. Huisoma kila amri iliyoandikiwa ST na kuitekeleza vile vile ambavyo ST ingeitekeleza, hata programu ya kale isitambue kwamba imehamishwa kambi. Mojawapo ya emuleta hizo inaitwa Hatari, na hutolewa bure. Msomaji asitishwe na jina hilo!

Hata hivyo, njia si nyeupe kabisa. Kwanza, Cubase ya wakati ule ililindwa kwa ufunguo, kifaa kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa mashine, na bila ya kifaa hicho programu hukataa kazi. Kompyuta ya leo haina tundu la kukipokea. Pili, programu ya msingi ya ST ina wenyewe kisheria, na kuinakili ovyo ni kosa. Ndiyo maana mafundi wa kujitolea wameandika nyingine ya halali iitwayo EmuTOS, ingawa si kila programu ya zamani inayopatana nayo. Tatu, kompyuta ya leo ina mabwana wengi wa kuwatumikia kwa pamoja, hivyo amri ya ngoma yaweza kuchelewa kidogo. Mtu wa kawaida hatalitambua jambo hilo, lakini mpiga ngoma wa gwaride atalitambua mara moja.

Kwa hiyo twaona emuleta ifanywe daraja, isifanywe makao. Mwenye diski za zamani na azinakili mapema, zingali zinasomeka. Kisha azifungue nyimbo zake ndani ya emuleta, na kuzihifadhi upya katika faili za kawaida za MIDI, ambazo programu nyingi za leo huzisoma. Alama za muziki azichape karatasini pia, maana karatasi haihitaji ufunguo wala umeme.

Mtunzi aliyetumia miaka kupanga sauti za zumari na tarumbeta ameacha mali. Mali hiyo haikuwamo katika plastiki ya mashine, bali katika mpango wa noti zake. Twawasihi wenye dhamana ya kabati za muziki wazifungue leo, na kuhesabu kilichomo, kama ghala la silaha linavyohesabiwa. Kilichopotea bila ya kuorodheshwa hakina wa kukitafuta.